Makato ya benki: usinung'unike, andika barua

Mfanyabiashara wa Rusumo akikatwa faranga 2,000 kila mwezi bila kuelezwa ni za nini, mwaka ukiisha zimekwenda 24,000. Wengi hunung'unika kaunta kisha huondoka, hasa sisi tuliosomea Tanzania tukarudi Rwanda, tukihofia fomu za Kifaransa na Kiingereza. Mwishowe fedha hurudi kufichwa nyumbani.

Sheria Na. 017/2021 inamlinda mteja wa huduma za fedha. Omba taarifa ya akaunti yako na orodha ya ada za benki, uzilinganishe mstari kwa mstari. Tia alama kila kiasi kisichokuwemo kwenye orodha wala kwenye mkataba uliotia saini. Kama kwenye hesabu za darasani, onyesha njia.

Kisha mwandikie meneja barua, nakala mbili, ukidai maelezo na marejesho. Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Kiswahili nacho ni lugha rasmi nchini tangu 2017. Usiporidhika na jibu, ipeleke Benki Kuu ya Rwanda.

Ada halali tulipe. Isiyo na maelezo, tuidai.