Taa Huahidi, Tairi Hulipa

Kijana alifika kijiweni na boksi dogo mkononi, akalifungua taratibu kama mtu aliyenunua simu mpya. Ndani mlikuwa na balbu ya LED yenye feni ndogo mkiani, na juu ya boksi pameandikwa lumeni 20,000. Fundi, ambaye banda lake liko nyuma ya stendi ya Msamvu, Morogoro, hata hakuitazama. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya pikipiki, anapapasa tairi kwa kiganja.

"Dogo, hili tairi lina kipara kunishinda mimi."

"Tairi litasubiri, mzee. Mimi usiku sioni."

Wote wawili walisema kweli, nami nikasogeza benchi karibu. Dereva wa bodaboda huhesabu taa na tairi kuwa vitu viwili, kila kimoja na duka lake na siku yake ya kununuliwa. Barabara haihesabu hivyo. Taa inakupa mita za kuona mbele yako, na tairi ndilo linalozitumia mita hizo kukusimamisha. Ukizidisha moja ukasahau jingine, umekopa usichoweza kulipa.

Chukua mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ambao kwa bodaboda nyingi bado ni matembezi. Hapo unameza karibu mita 17 kila sekunde. Tangu jicho lione ng'ombe aliyelala barabarani hadi vidole vibane breki, sekunde moja na nusu hivi imepita, na mita 25 zimekwenda bure. Kisha breki zote mbili zikikamata sawasawa, kwa tairi zima na lami kavu, zinahitajika mita nyingine 24 hivi. Jumla inakaribia 50. Panda hadi 80 na jumla inakuwa 76 hivi. Mwendo umeongezeka kwa theluthi, umbali kwa nusu, kwa sababu nishati ya chombo kinachokimbia hukua kwa mraba wa mwendo wake. Na hapo sijamhesabu yule anayebana breki ya nyuma peke yake kwa kuogopa ya mbele, ilhali pikipiki ikisimama ghafla uzito karibu wote hulalia gurudumu la mbele. Huyo ajiongezee mita 15.

Balbu iliyokuja na pikipiki ile ni ya halojeni, wati 35, aina inayoandikwa HS1. Fundi aliichomoa akanipa niishike kwa kitambaa, maana mafuta ya vidole huharibu kioo chake. Ndani mna nyuzi mbili za tungsteni, mmoja wa fulu na mwingine wa dimu. Balbu za zamani zilikuwa zikiweusha kioo kwa sababu tungsteni huvukizwa na joto na kuganda ukutani. Mwaka 1959 wahandisi wa General Electric huko Marekani walipata hataza ya ujanja mzuri: weka iodini kidogo ndani, nayo itakamata chembe zilizotoroka na kuzirudisha kwenye uzi. Kioo kikabaki safi, uzi ukaweza kuwaka kwa joto kali zaidi. Balbu hii, volti zikiwa kamili, hutoa lumeni 500 hivi kwenye dimu na 800 kwenye fulu.

Na ile ya boksi, 20,000? LED nzuri hutoa lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati. Balbu ya wati 20, basi, haiwezi kuvuka 3,000, na ili ifike 20,000 ingedai wati zaidi ya 130, umeme ambao pikipiki ndogo haina hata ukizima kila kitu kingine. Namba ile ni ya kuuzia boksi.

LED yenyewe, hata hivyo, si utapeli. Nyekundu ilikuwapo tangu mwaka 1962, lakini mwanga mweupe ulikwama miaka thelathini kwa kukosa rangi moja tu, buluu. Wajapani watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, ndio walioipata kwa kuotesha fuwele za galiamu naitraidi, na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kila LED nyeupe unayoiona kichwani mwa pikipiki ni ya buluu iliyovishwa koti. Itazame ikiwa imezimwa: kile kipande cha njano kama kiini cha yai ni fosfori, inayogeuza sehemu ya buluu kuwa njano, na vikichanganyika jicho linaona nyeupe.

Tatizo liko kwenye bakuli. Lile bakuli linalong'aa nyuma ya balbu lilichongwa kwa ajili ya uzi wa urefu wa milimita chache, uliokaa mahali pamoja tu. Na chini ya uzi wa dimu kuna kikombe cha chuma, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kinachozuia mwanga usigonge nusu ya chini ya bakuli. Ni kikombe hicho kinachochora ule mstari mkali ambao juu yake ni giza na chini yake ni mwanga. Balbu ya LED ya kuchomeka ina vipande vyake kwenye pande mbili za bati. Vikikosea mahali pa uzi kwa milimita moja au mbili, bakuli linatawanya mwanga hovyo. Dereva anaona mita kumi za mbele zimekuwa nyeupe kama chaki, anafurahi. Lakini weupe huo wa karibu unabana mboni ya jicho lake, na kule mbali, alikokuwa anakutafuta, kunazidi kuwa giza. Anayekuja mbele naye anapigwa usoni. Akipofuka sekunde tatu kwa mwendo wa 60 amekwenda mita 50 bila macho, na anakuja upande wako.

Fundi hakueleza yote hayo. Aliwasha injini, akazungusha resi huku akitazama taa. Kwenye pikipiki nyingi za zamani taa hulishwa moja kwa moja na magneto, kwa hiyo hufifia injini ikishuka na kung'aa ikipanda. Ukichomeka LED hapo itapepesa au itaungua mapema, mpaka uhamishe waya zake zipite kwenye rektifaya na betri. Hii haikufifia. Akachukua mita ya umeme: kwenye betri volti 13.4, kwenye soketi ya balbu 11.6.

"Taa yako haina ugonjwa," akamwambia. "Ina njaa."

Neno hilo lilinifurahisha kwa sababu ni sahihi kuliko alivyodhani. Mwanga wa halojeni haupungui sawa na volti. Ukipunguza volti kwa asilimia 10, mwanga unaporomoka kwa asilimia 30. Kwa upungufu aliousoma fundi, kijana alikuwa amepoteza karibu asilimia 40 ya mwanga njiani, kwenye waya mwembamba, swichi iliyochoka na kutu pale ethi inapogusa fremu. Dawa yake ni relei moja, waya mnene kutoka betri, msasa kidogo, na kitambaa cha kufuta vumbi la ndani ya kioo. Balbu ni ileile. Mtu akiniuliza nini cha kuboresha kwanza kwenye taa ya pikipiki, nitasema waya, ingawa waya hauna wa kumwonyesha kijiweni.

Atakayetaka LED baada ya hapo anunue taa nzima, bakuli na kioo vilivyochongwa pamoja na LED yake. Na asihangaike na madai kwamba njano hupenya ukungu. Wafaransa walilazimisha taa za njano tangu mwaka 1936 hadi 1993, lakini matone ya ukungu ni makubwa mno kuweza kuchagua rangi. Yanatawanya zote karibu sawa. Asubuhi ya ukungu kule Njombe, dimu na mwendo mdogo vitakufaa kuliko rangi yoyote.

Tukarudi kwenye kipara. Ajabu ya tairi ni kwamba kwenye lami kavu kipara chenyewe si kosa. Pikipiki za mbio hukimbia na matairi yasiyo na mfereji hata mmoja, kwa sababu kinachoshika lami ni mpira wenyewe: unabonyea kwenye vijishimo vya kokoto, unang'ang'ania, unaachia. Mifereji ni ya maji. Mvua ikinyesha, maji lazima yapate pa kwenda kabla mpira haujagusa lami, na dakika za kwanza za mvua baada ya jua refu ndizo mbaya kuliko zote, maana vumbi na oili vimechanganyika kuwa mlenda. Ukipoteza nusu ya mshiko hapo, zile mita 24 za breki zinakuwa 48. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo; tafuta herufi TWI ubavuni zikuonyeshe vilipo. Kituta kikilingana na uso wa tairi, safari yake imeisha. Cha tairi lile kilikuwa kimeshasagika nacho.

Nilisoma ubavu uliobaki: 3.00-17 50P. Upana inchi 3, ringi inchi 17, na kile kistari katikati kinasema nyuzi za ndani zimepishana mshazari, ndivyo yalivyo matairi mengi ya bodaboda. P ni mwendo wa juu, kilomita 150 kwa saa, ambao pikipiki ile haitauona hata ikianguka mlimani. Namba ya kuiheshimu ni 50, maana yake kilo 190 na si zaidi. Sasa piga mshikaki. Dereva na abiria wawili wa kilo 70 kila mmoja ni 210, pikipiki 120, jumla 330. Theluthi mbili ya hizo hukalia gurudumu la nyuma: 220. Tairi halipasuki siku hiyo. Linachemka, linachoka, linasubiri siku ya jua kali.

Mbele kidogo kulikuwa na tarakimu nne za tarehe, 2317: wiki ya 23 ya mwaka 2017. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Hewa huugandisha polepole, na tairi gumu huteleza hata kama mifereji yake ni mizima. Kwa hiyo tairi "jipya" la bei ya kutupa lisomwe tarehe kwanza.

Mpira una hadithi nzito kuliko umeme. Goodyear aligundua mwaka 1839 kuupika na salfa ili usiyeyuke juani. Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, alilipa tairi la upepo uhai wa kibiashara mwaka 1888, na kiu ya mpira iliyofuata iliwagharimu watu wa Kongo ya Leopold mikono na maisha. Huku kwetu Wajerumani walipanda mpira kutoka jimbo la Ceará, Brazili, wakitarajia utajiri huohuo. Bei ikaanguka karibu na mwaka 1913, mashamba yakaachwa, ila mti ukabaki. Ni huo tunaochuma majani yake na kuyatwanga, kisamvu cha mpira.

Kijana alitaka tairi pana zaidi, la kashata kubwa, kwa sababu linapendeza. Fundi akakataa. Kashata ni za matope: vipande vyake vinachimba na kujisafisha. Kwenye lami ni mpira mchache unaogusa, na kila kipande kinayumba peke yake ukilala kwenye kona. Na tairi pana kwenye ringi nyembamba hubanwa mabegani likachongoka katikati, hata ule upana ulioulipia huupati. Akafunga saizi ileile, akajaza upepo wa PSI 32 nyuma na 25 mbele kama karatasi ya kiwanda inavyosema, tairi likiwa baridi. LED ikarudi kwenye boksi.

Giza lilipoingia wakaisimamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani. Fundi alipima kimo cha taa, sentimita 90, akachora mstari wa chaki ukutani kwa kimo hicho, kisha akapinda taa mpaka ukingo wa dimu ukakaa sentimita 10 chini ya chaki. Kushuka sentimita 10 katika mita 5 ni asilimia 2, yaani mwanga utagusa lami mita 45 mbele.

"Haya, pandeni."

Kijana alishika usukani, mimi na muuza vocha wa jirani tukakaa nyuma yake. Springi zilishuka kama sentimita 3. Gurudumu hadi gurudumu ni mita moja na robo tu, na sentimita 3 katika urefu huo ni zaidi ya asilimia 2. Ukingo wa mwanga ulipanda ukutani, ukaifikia chaki, ukaipita.

"Ukibeba, shusha taa," fundi akamwambia. "Skrubu ni hii hapa."

"Nimekuelewa, mzee."

Nusu saa baadaye nilimwona anatoka stendi, abiria wawili mgongoni na begi la shangazi kaja katikati yao. Taa iliwaka vizuri, nyeupe na tulivu. Dereva wa teksi aliyekuwa anaingia alinyanyua kiganja akafunika macho.