Huduma za Familia Mfangano: Nani Hufanya Nini, na Wapi Uzi Hukatika

Kisiwa cha Mfangano, katika Ziwa Victoria, hakina daraja. Jirani yake Rusinga imeunganishwa na Mbita kwa barabara, lakini mkazi wa Mfangano anayemhitaji afisa wa serikali aliye Mbita sharti apande boti Sena au katika ufuo mwingine, alipe nauli ya kwenda na ya kurudi, tena aombe ziwa liwe tulivu. Kwa hiyo mpangilio wa huduma za jamii una bei kwa mkazi wa kisiwa: kila ofisi inayoongezwa kwenye safari yake ni nauli nyingine na siku nyingine ya kazi iliyopotea.

Tuchukue mfano wa kubuni. Nyanya wa miaka 72 analea wajukuu watatu ambao wazazi wao wamefariki. Mkubwa ni msichana wa miaka 15 aliye sekondari, wa pili ana ulemavu mkubwa, na wa tatu yuko chekechea. Nyumba ya namna hii si ngeni katika Kaunti ya Homa Bay. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018, KENPHIA, ulikuta VVU kwa asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9. Ugonjwa huo uliwachukua wazazi wengi kabla dawa hazijaenea, na malezi yakawaangukia wazee.

Sheria iko upande wa nyanya huyu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinaiagiza serikali iwape hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu pamoja na wanaowategemea. Kifungu cha 53 kinalinda haki za mtoto, cha 54 za mtu mwenye ulemavu, na cha 57 za mzee. Utekelezaji, hata hivyo, umegawanywa. Zahanati, vituo vya afya na chekechea viko chini ya serikali ya kaunti. Shule za msingi na sekondari, ulinzi wa watoto na fedha za kujikimu ziko chini ya serikali ya kitaifa. Mjukuu wa tatu atakapovuka kutoka chekechea kwenda darasa la kwanza, atakuwa amevuka kutoka serikali moja hadi nyingine.

Ndani ya serikali ya kitaifa, familia hii ina maafisa watatu wa kuwajua. Wa kwanza ni afisa wa watoto. Yeye hushughulikia mtoto aliyetelekezwa, aliyepigwa au kunajisiwa, mzazi asiyetoa matunzo, na mzozo wa nani amlee mtoto. Anaongozwa na Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001. Vilevile kuna mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032, unaotaka watoto walelewe katika familia na si katika makao ya watoto. Kwa maneno mengine, serikali imekiri kwamba nyumba ya nyanya ni bora kuliko bweni la yatima. Anayekiri hivyo ana wajibu wa kuitegemeza nyumba hiyo.

Wa pili ni afisa wa maendeleo ya jamii. Huyu ndiye anayesajili vikundi vya kujisaidia, vya akina mama wa chama na vya wachuuzi wa omena, kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Kikundi kisichosajiliwa hupata taabu kufungua akaunti ya benki au kupokea fedha za umma.

Wa tatu ni afisa wa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kutoa fedha taslimu. Una mikono mitatu mikuu: kaya zinazolea mayatima na watoto walio hatarini, wazee wa kuanzia miaka 70, na watu wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji kuangaliwa wakati wote. Mkono wa mayatima ulianza kwa majaribio mwaka 2004. Mpango wa wazee wote wa miaka 70 na zaidi ulianza kulipa mwaka 2018. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi.

Wakazi wa visiwa hivi wana sehemu yao katika historia ya mpango huo. Serikali ilipotaka kupima kama fedha hizi zinasaidia, kuanzia 2007, wilaya saba zilichaguliwa: Nairobi, Garissa, Kwale, Kisumu, Homa Bay, Migori na Suba, wilaya ya zamani iliyokuwa na Mfangano ndani yake. Kaya zilizopokea zililinganishwa na zilizokuwa bado hazijafikiwa. Watoto wa kaya zilizopokea waliingia sekondari kwa wingi zaidi, na vijana wao walichelewa kuanza ngono. Kwenye fuo ambako mtindo wa jaboya umewalazimu wanawake wengi kuutoa mwili ili wapate samaki, matokeo hayo yana uzito mkubwa. Msichana wa miaka 15 aliye na karo na chakula ana nguvu ya kusema hapana.

Utafiti huohuo ulifichua kasoro. Kiwango ni kimoja kwa kila kaya, iwe ina yatima mmoja au watano, na manufaa yalionekana zaidi katika kaya ndogo. Aidha, shilingi 2,000 zimebaki pale pale kwa zaidi ya miaka kumi, huku bei ya unga na nauli ya boti zikipanda. Msaada usiofuata bei hupungua kila mwaka hata kama hakuna aliyeukata.

Kasoro ya pili ni ya mpangilio. Serikali imegawa watu kwa makundi, lakini nyanya wetu ni mzee, ni mlezi wa mayatima na ni mlezi wa mtoto mwenye ulemavu, yote kwa pamoja. Kwa ajili yake mwenyewe anahitaji kitambulisho. Kwa mayatima anahitaji vyeti vya kuzaliwa na vya kifo cha wazazi. Kwa mjukuu wa pili anahitaji tathmini ya daktari hospitalini na usajili wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kila karatasi ina ofisi yake na maswali yaleyale huulizwa upya. Kazi ya kuunganisha idara, ambayo ni ya serikali, anaachiwa ajuza mwenye magoti mabovu.

Dawa yake inajulikana. Tangu 2013 vituo vya Huduma vimeonyesha kwamba idara nyingi zinaweza kumhudumia mwananchi chini ya paa moja. Visiwani, paa hilo linapaswa kusafiri: afisa wa watoto, wa maendeleo ya jamii, wa Inua Jamii, msajili wa vizazi na daktari wa tathmini wafike Sena pamoja kwa tarehe iliyotangazwa na chifu barazani, kisha waende visiwa vya Takawiri, Remba na Ringiti. Boti moja ya maafisa ni nafuu kuliko boti mia za wazee.

Wakati tukilidai hilo, familia zijiandae. Mtoto akizaliwa, asajiliwe mapema. Mtu akifa, kifo kiandikishwe. Chifu akiitisha baraza la kuorodhesha kaya, nenda, kwa maana orodha huanzia hapo. Mwambie mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumbani kwako kuhusu mtoto mwenye ulemavu unayemlea. Na ukiona mtoto anadhulumiwa, iwe nyumbani au ufuoni, usingoje boti: piga 116, simu ya bure ya watoto, mchana au usiku.