Nyimbo bora za Franco: ni upi usikose?

Huku Baraka mpaka Misisi, flashi moja ya nyimbo bora za Franco na TPOK Jazz inaleta mabishano usiku mzima. Vijana wa machimbo wanataka sebene tu. Wamama wanaomba «Mario» ya 1985, juu yule kijana wa kulishwa na mwanamke wanamujua hata leo. Sisi tunasema: «Attention na Sida» ya 1987 isikose. Franco, aliyekufa 1989, aliiimba kwa Kifaransa na Kilingala ili watu wajikinge. Kule machimboni, mbali na hospitali, ile onyo ingali na kazi. Wazee, muwaelezee vijana maneno yake kwa Kiswahili na Kibembe. Kisha sebene ipigwe!