Shule ya Upili ya Karibu Nasi: Tutajuaje Kama ni Nzuri?



Majuzi nilikaa na kikundi kimoja upande wa Kangemi. Ni akina mama wengi na wazee wachache, wanachanga kila wiki, na wameweka mfuko mdogo wa karo. Swali lililokuwa mezani siku hiyo lilikuwa hili: mwanachama akiomba mkopo wa karo, tumpe mkubwa ili mtoto aende shule ya bweni huko mbali, au tumpe mdogo mtoto aingie shule ya kutwa ya serikali hapa karibu? Mzee mmoja akasimama akasema, "Hiyo ya hapa ni ya kupotezea watoto wakati." Nikamwuliza, mzee, umejuaje? Akanijibu, "Aa, kila mtu anajua."

Basi hapo ndipo nilipopata wazo la kuandika haya. Pesa ya kikundi ni jasho. Haifai kutumiwa kwa sababu ya "kila mtu anajua".

Hebu niwape habari ya mama mmoja ninayemfahamu. Alikopa kwenye kikundi chake, akauza na mbuzi wawili wa nyumbani, akampeleka kijana wake shule ya bweni nje ya Nairobi. Alikuwa ameona bango kubwa barabarani: wastani wa shule umeandikwa kwa rangi nyekundu, na picha za watoto waliopata A. Kijana alisoma miaka mitatu. Mwisho wa Kidato cha Tatu alipata D+, mama akaitwa, akaambiwa kwa upole kabisa kwamba kijana arudie darasa ama atafutiwe mahali pengine pa kujiandikisha kwa mtihani. Alirudi nyumbani na sanduku lake, akafanyia KCSE katika shule ya kutwa. Mwaka uliofuata bango lilikuwa pale pale, na wastani umepanda. Mama akaniuliza, "Sasa, kijana wangu alihesabiwa wapi?"

Swali lake ni zuri kuliko mengi niliyofundishwa chuoni.

WASTANI UNAPIKWA VIPI

Wengi wetu tunausikia wastani wa shule lakini hatujawahi kuupiga hesabu wenyewe. Mambo ni haya. Katika KCSE kila gredi ina pointi zake: A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, inashuka hivyo hivyo mpaka E ambayo ni 1. C+, mlango wa chuo kikuu, ni 7. Unajumlisha pointi za watoto wote, unagawanya kwa idadi ya waliofanya mtihani.

Tuchukue mfano wa watoto kumi. Wawili wamepata B, hizo ni 18. Watatu wamepata C, hizo ni 18 tena. Watano wamepata D, hizo ni 15. Jumla 51, gawa kwa 10, wastani ni 5.1. Shule itasema ina C-. Lakini angalieni vizuri: hakuna mtoto hata mmoja aliyepata C-! Nusu ya darasa wameanguka na wawili wamefaulu vizuri, na wastani umewafunika wote kwa blanketi moja.

Sasa tutoke kwenye mfano wa watoto kumi twende kwa shule mbili, mfano wa kujifunzia tu. Zote zilipokea watoto 100 katika Kidato cha Kwanza. Ya kwanza, waliofika kwenye mtihani ni 60, na 12 wakapata C+ kwenda juu. Hiyo ni asilimia 20, na bango litapigwa. Ya pili, waliofika ni 95, na 15 wakapata C+ kwenda juu. Hata asilimia 16 haifiki, kwa hiyo hakuna bango. Lakini ukihesabu kutoka langoni, ya kwanza imetoa watoto 12 kati ya 100 na ya pili imetoa 15. Na wale 40 wa ile ya kwanza wako wapi? Wengine walikosa karo, wengine walipata mimba, wengine walifanyiwa kama kijana wa yule mama.

Kwa hiyo mtu akikwambia wastani wa shule, muulize mara moja: waliingia wangapi, wakamaliza wangapi? Ukikosa hilo la pili, lile la kwanza halina maana.

NANI ALIINGIA LANGONI

Zamani matokeo ya KCSE yakitoka, kule katikati ya mji, kwa wauza magazeti wa Tom Mboya na Moi Avenue, watu walikuwa wakisongamana kusoma orodha ya shule bora. Wengine tulisoma tukiwa tumesimama, bila kununua. Mwaka 2014 serikali ilisimamisha mambo hayo ya kupanga shule kwa nafasi, lakini orodha ile bado iko vichwani mwetu. Majina yalikuwa yale yale: Alliance, Mang'u, Starehe, Kenya High, na hata Precious Blood ya Riruta, ambayo imepakana na Kawangware.

Nitasema wazi, ingawa hiyo ya Riruta ni shule ya Kanisa letu na nina fahari nayo. Ukisimama pale steji ya 46 ukawauliza akina mama wa Kawangware ni wangapi wana binti mle ndani, utahesabu kwa vidole. Wasichana wale wamechaguliwa kutoka kila pembe ya nchi, na waliitwa kwa sababu walikuwa wa mbele tangu shule ya msingi. Nairobi School, ile ya Waiyaki Way ambayo watu wa Kangemi wanaipita kila siku wakienda mjini, ilijengwa na wakoloni kwa watoto wa Wazungu, ikaitwa Prince of Wales. Lenana ilikuwa Duke of York. Uwanja, maabara na maktaba vilikuwepo kabla wengi wetu hatujazaliwa. Shule nyingi za kutwa nchini zilianza na harambee, mabati na kuku wa mnada.

Mnaofuga mtanielewa haraka. Mmoja ana ng'ombe wa gredi na majani ya kutosha, anapata ndoo mbili za maziwa. Mwingine ana wa kienyeji, alikuwa anatoa vikombe viwili, na kwa kutunzwa sasa anatoa sita. Nani mfugaji hodari? Ukipima ndoo tu, utamsifu wa kwanza.

Basi kwa shule ya karibu uliza hivi: watoto waliofanya KCSE mwaka jana walikuwa wameingia na alama ngapi za KCPE? KCPE ilihesabiwa kwa 500, na ya mwisho ilifanywa mwaka 2023, kwa hiyo alama hizo bado ziko kwenye mafaili ya shule. Shule inayochukua watoto wa 220 au 240 na kutoa hata wachache wa C+, na wengi wa C na C-, hiyo inafanya kazi. Shule inayochukua watoto wa 400 na kuwatoa na C, jamani, hiyo imewarudisha nyuma, hata kama ina basi zuri.

Pia msilinganishe miaka kiholela. Mwaka 2015 waliopata A nchini walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016, wizi wa mtihani ulipobanwa, walikuwa 141 tu. Kwani watoto wa Kenya walikuwa wajinga kwa mwaka mmoja? Halafu kuanzia KCSE ya 2023 gredi ya jumla inahesabiwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi. Kwa hiyo mwalimu akikuonyesha kwamba wastani ulipanda mwaka huo, mpongeze, lakini ujue na kanuni ilibadilika.

TWENDE TUONE KWA MACHO

Msiende siku ya wazazi, siku hiyo hata mawe yamepakwa chokaa. Nendeni Jumanne au Jumatano alasiri, watu watatu au wanne, mpite langoni kwa adabu, mwandike majina kwa askari, mwombe kumwona mwalimu mkuu au naibu wake.

Jambo la kwanza ni walimu. Walioajiriwa na TSC ni wangapi, na wa kulipwa na bodi ya shule ni wangapi? Wa bodi si wabaya, wengine ni vijana wenye moyo sana, lakini mshahara wao ni mdogo na wakipata kazi kwingine wanaondoka katikati ya muhula. Ulizeni kabisa: ni somo gani halina mwalimu leo? Mkuu mwaminifu atawaambia. Na mkipita kando ya madarasa saa nane mchana, hesabuni madarasa yenye mwalimu na yasiyo na mwalimu. Mimi nikiingia shule huwa naanza na hesabu hiyo kabla sijasalimia mtu.

Angalieni idadi ya watoto darasani. Kiwango kinachotakiwa ni 45. Upande wetu huu wa magharibi ya mji, Kawangware, Kangemi, Uthiru, watu ni wengi kuliko madawati, mtakuta 60 na zaidi. Hapo ulizeni vitabu vinagawanywaje.

Angalieni kufuli ya maabara. Kama ina kutu, mmeshajua. Muulizeni mtoto wa Kidato cha Tatu ni lini mara ya mwisho alifanya jaribio kwa mikono yake.

Vyoo navyo msione haya kuviangalia. Inatakiwa kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30, na vya wasichana viwe na maji na mlango unaofunga. Msichana anayekaa nyumbani siku nne kila mwezi anapoteza karibu wiki moja ya masomo, na hakuna wastani utakaowaonyesha hilo.

Kama ni ya bweni, tazameni milango. Septemba 2017 moto uliwaua wasichana 10 katika bweni la Moi Girls hapa Nairobi. Mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Kijiti kimoja cha kibiriti hakingoji ufunguo utafutwe.

Kwa shule ya kutwa kuna swali ambalo watu husahau: mtoto akitoka saa kumi anaenda wapi? Nyumba zetu nyingi ni chumba kimoja, kitanda, jiko na redio ya jirani. Shule inayowaachia watoto darasa lenye taa mpaka saa kumi na mbili, na mwalimu mmoja wa zamu, imewapa kitu ambacho mzazi hawezi kununua. Na chakula cha mchana je? Serikali ilipanga Sh. 22,244 kwa kila mtoto wa shule ya upili kwa mwaka tangu 2018, lakini hiyo haiingii kwenye sufuria, na mara nyingi pesa huchelewa. Ulizeni mtoto ambaye mzazi hajalipa chakula hufanywaje saa saba.

Kuna na hili la mtaala mpya. Kundi la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027. Wanaoingia sasa wanaingia Gredi ya 10, baada ya mtihani wa KJSEA ambao ulifanywa mara ya kwanza mwaka 2025, na wanafuata njia tatu: sayansi na ufundi, sayansi ya jamii, ama sanaa na michezo. Shule yaweza kuandika njia zote kwenye karatasi. Ninyi mwulize masomo yapi yana mwalimu, chumba na vifaa leo hii, kwa majina, moja moja.

WAKIKATAA KUTUJIBU?

Mara nyingi hawakatai mkienda kwa heshima. Lakini mjue haki yenu. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria yake ilipitishwa 2016. Shule ya umma ni mali yenu. Sheria ya Elimu ya 2013 imeweka wawakilishi wa wazazi kwenye bodi ya shule na chama cha wazazi pia. Wengi wetu tunawachagua watu hao siku ya mvua, kwa haraka, tukiwahi matatu, halafu hatuwaulizi kitu mwaka mzima.

Wale wa Kangemi walituma watu wanne, na yule mzee wa "kila mtu anajua" wakamtia ndani makusudi. Naibu wa mwalimu mkuu aliwafungulia daftari. Walikuta kwamba wengi walioingia Kidato cha Kwanza walifika mpaka mtihani, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Walikuta pia darasa la taa lipo, kila jioni. Na walikuta fizikia haina mwalimu tangu muhula uliopita.

Kikundi kimekubaliana kutoa mikopo midogo kwa watoto watatu waingie pale, na mzee akachaguliwa kwenda ofisi ya elimu kuulizia huyo mwalimu wa fizikia. Alikwenda mara moja, hakumkuta mhusika. Anarudi Jumanne, na safari hii amesema atabeba chakula chake cha mchana.