Loki za Milango, King'ora na Lugha ya Gereji

Wanafunzi wetu wanaokwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za Jinja na Mbale hulalamika mara kwa mara kwamba msamiati wa ufundi walioukariri darasani hauwafai wanapokutana na fundi wa kweli. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua, Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, lalamiko hilo limekuwa zito zaidi. Katika makala haya tunachukua jambo moja dogo, yaani kutafuta hitilafu ya umeme katika loki za milango na king'ora cha gari. Hatunuii kumfanya msomaji kuwa fundi. Tunataka aweze kueleza kasoro ilivyo, maana maelezo mabaya hugharimu pesa.

Magari mengi katika barabara zetu yaliagizwa Japani yakiwa yametumika. Ndani ya kila mlango mna mota ndogo inayosukuma au kuvuta kitasa. Mota hii aghalabu huendeshwa kwa nyaya mbili: umeme ukipita upande huu mlango hufungwa, ukigeuzwa hufunguliwa. Amri hutoka kwenye swichi ya mlango wa dereva au kwenye rimoti, hupitia kisanduku cha udhibiti, na njia nzima hulindwa na fyuzi.

Swali la kwanza basi ni hili: je, imekataa milango yote au mmoja tu? Ikiwa ni yote, fundi huanzia kwenye betri na fyuzi. Betri nzima iliyopumzika hupimwa volti 12.6 hivi. Fyuzi iliyoungua hubadilishwa kwa nyingine ya ampea zilezile. Wale wanaoviringisha karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara wanakaribisha moto. Ikiwa swichi inafanya kazi lakini rimoti haifanyi, tazama betri ya rimoti kwanza. Mara nyingi ni ile ya duara ya volti 3, na bei yake ni ndogo.

Ikiwa ni mlango mmoja, sikiliza. Mlio ukisikika ndani ya mlango, umeme unafika, na kasoro huenda iko kwenye fito au kitasa chenyewe, labda kimekaukiwa grisi. Kukiwa kimya, fundi hupima kwenye soketi ya mota huku mtu mwingine akibonyeza swichi. Umeme huo huja kwa muda mfupi sana, hata mita ya namba inaweza kuukosa, ndiyo maana mafundi wengi hupendelea taa ya kupimia. Taa ikiwaka na mota isitikisike, mota imekufa. Taa isipowaka, waya ufuatwe hadi kwenye bawaba.

Hapo kwenye bawaba ndipo penye mambo. Nyaya zote za mlango hupita ndani ya mpira unaojikunja kila mlango unapofunguliwa, na mlango wa dereva hufunguliwa kuliko yote. Baada ya miaka, shaba hukatika ndani huku ngozi ya waya ikiwa bado nzima, hata jicho haliioni. Dalili yake ni loki inayofanya kazi mlango ukiwa nusu wazi na kukataa ukifungwa. Mwalimu mmoja wa Mbale alimwambia fundi, "Kitasa kimeharibika." Akauziwa mota. Baada ya wiki moja hali ikawa ileile, naye alikuwa amekwisha kutumia pesa alizoziweka kwa karo ya mtoto. Fundi wa pili alimwuliza swali moja tu: "Mwalimu, ukiucheza mlango, loki inaitika?" Iliitika. Kazi ikawa kuunga waya mmoja.

Hapa mwalimu wa lugha ana la kusema, kwa sababu utambuzi wa kasoro umo katika viambishi vya kitenzi. "Kimeharibika" hakimwambii fundi lolote. "Mlango haufungiki" maana yake hata kwa mkono au ufunguo haiwezekani, basi kasoro si ya umeme. "Mlango haujifungi" maana yake kwa mkono unafungwa ila mota haitendi. "Unajifungua wenyewe" humfanya fundi ashuku shoti au swichi iliyoingia maji, jambo la kawaida katika mvua za huku chini ya Mlima Elgon. Vilevile "waya umekatika" si sawa na "waya umekatwa": wa kwanza umechoka, wa pili una mtu nyuma yake, awe mwizi au fundi aliyetangulia. Mwanafunzi anayejua Luganda hahitaji kukariri tofauti hii, kwani okukutuka na okukutula anazitumia nyumbani.

King'ora kinacholia usiku bila sababu mara nyingi hudanganywa na swichi ya boneti au ya mlango iliyopata kutu. Jaribio rahisi ni kufungua mlango mmoja mmoja na kutazama taa ya ndani. Usipoiwasha, swichi yake ishukiwe. Ving'ora vilivyofungwa baadaye gereji ndivyo visumbufu zaidi, hasa nyaya zikiwa zimesokotwa tu na kuzungushiwa utepe.

Imobilaiza ni kitu kingine, nao watu huichanganya na king'ora. Ufunguo una chipu isiyohitaji betri, ambayo husomwa na koili iliyo karibu na tundu la ufunguo. Chipu isiposomwa, injini haiwaki au huwaka ikazimika mara moja, na mara nyingi taa yenye alama ya ufunguo humeta kwenye dashibodi. Jaribu ufunguo wa akiba kabla ya kuruhusu chochote kifunguliwe. Na fundi akianza kuchomeka taa ya kupimia kwenye nyaya za manjano za mifuko ya hewa, mzuie, kwani umeme mdogo waweza kuulipua mfuko.