Amri na Maelezo katika Mafunzo ya Mbali ya Askari wa Uhifadhi

Mafunzo mseto ni yale ambayo mwanafunzi hukaa na mwalimu kwa muda fulani, kisha huendelea na masomo mahali pengine kwa njia ya simu au kompyuta. Askari wa uhifadhi wa Tanzania, ambao utaratibu wao siku hizi ni wa kijeshi, waonekana kufaa sana kwa njia hii, maana vituo vyao viko mbali. Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, ina ukubwa wa kilomita za mraba 8,292. Tena kreta yenyewe imezungukwa na ukuta wenye kimo cha mita 600 hivi, nao waweza kuyazuia mawimbi ya simu. Lakini sikusudii kueleza habari za minara. Nataka kutazama mpangilio wa maneno.

Amri ya gwaride ina sehemu mbili. "Nyuma," asema mwalimu, kisha hunyamaza kidogo, ndipo asemapo, "geuka!" Katika mazungumzo ya kawaida twasema "geuka nyuma", kitenzi kikitangulia. Gwaride limepindua utaratibu huo kwa sababu njema: kuruta hana budi kujua upande kabla ya kuambiwa atende. Kitenzi ndicho kiufyatuacho mwili.

Sasa tuchukue mfano wa mwalimu aliyeko Karatu mjini, anayemfundisha askari aliye kituoni kujaza taarifa ya doria katika simu. Amwandikia: "Tuma taarifa baada ya kuihifadhi." Sarufi haina kosa. Hata hivyo, mtu aliyezoezwa kwa miezi mingi kutii kitenzi, akisoma "tuma" kidole chake kimekwisha kutenda. Uwanjani mwalimu angemwona na kumrudisha nyuma. Huku hayupo wa kumwona, na taarifa huenda imekwisha kwenda nusu. Afadhali aandike: "Taarifa ikiisha kuhifadhiwa, tuma."

Neno "hifadhi" nalo lina mtego wake. Katika Kiswahili cha kompyuta lina maana ya kuweka kazi isipotee, na kwa maoni yangu ni neno zuri. Ila Ngorongoro ni jina la mahali na la kazi yenyewe. "Hifadhi taarifa za hifadhi" ni sentensi sahihi, lakini humsimamisha msomaji, hasa yule aliyeanza kusema Kiiraqw au Kimaasai kabla ya Kiswahili. Maneno ya namna hii, pamoja na "tuma" na "tumia", yafaa kufundishwa ana kwa ana pale Karatu, simu zikiwa mikononi, kabla askari hajapita lango la Lodoare.

Mazoezi ya kurudia ndiyo yaachiwe masomo ya mbali, nayo yatiwe katika simu mapema, kwa sauti na si kwa maandishi matupu. Kile kimya kilicho baina ya "nyuma" na "geuka" hakionyeshwi vema na alama ya mkato. Sauti hukichukua kizima.