Kompyuta Ikivamiwa na Kirusi cha Fidia, Usikimbilie Kufomati

Dalili zake hazijifichi. Faili uliloliita ripoti.docx sasa limeongezewa herufi ngeni mwishoni mwa jina na halifunguki. Ndani ya folda kuna barua, _readme.txt, inayodai dola 980 za Marekani, au 490 ukiwahi kulipa ndani ya saa 72. Hicho ni STOP/Djvu, kirusi kilichowaumiza zaidi watu binafsi kuliko makampuni. Mlango wake mkuu ni kraki: programu za kulipia zilizovunjwa kufuli na kugawiwa bure, pamoja na vile vijiprogramu vya kuamilishia Windows na Office.

Kata intaneti na uchomoe flashi na diski za nje papo hapo. Kisha tulia, maana hapa ndipo wengi hupoteza kilichokuwa kinaokoleka. Kompyuta inapelekwa kwa fundi, fundi anafomati, inarudi safi na picha za miaka mingi zimekwenda.

Yote yanategemea ufunguo. Kirusi kikifanikiwa kuwasiliana na seva ya wahalifu, hupewa ufunguo wa kompyuta yako peke yake, na huo wanao wao tu. Kikikosa mawasiliano, labda mtandao ulikuwa umekatika, hutumia ufunguo kilioubeba chenyewe, ambao ni uleule kwa waathirika wote wa aina hiyo. Tazama kitambulisho mwishoni mwa barua: kikiishia na t1, una bahati ya huo wa pamoja. Akitokea mmoja aliyelipa akaukabidhi kwa wataalamu, wengine hufunguliwa bure. Kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya kufungulia Oktoba 2019, nayo imeongezewa funguo kadiri zilivyopatikana. Inapatikana pia kupitia No More Ransom, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 kwa ushirikiano wa polisi wa Uholanzi na Europol. Leo unaweza kukosa, miezi kadhaa baadaye ukapata. Ndiyo maana nasisitiza: hamishia mafaili yaliyofungwa na barua yake kwenye diski ya nje, uyahifadhi, ndipo ufomati.

Na hata bila ufunguo, si kila kitu kimekufa. Kirusi hiki kina haraka, hivyo husimba kilobaiti 150 hivi za mwanzo wa faili. Hati fupi huharibika yote, ila video ya harusi ya gigabaiti mbili imeguswa kichwani tu, na zipo programu za kuikarabati.

Wengi husahau kwamba mara nyingi kirusi hiki huja na mwizi wa nywila, kama vile Azorult au Vidar. Badilisha nywila za barua pepe na benki kwa kutumia kifaa kingine, kabla hujahangaikia mafaili.

Kulipa sikushauri: hakuna anayekuhakikishia kwamba ufunguo utakuja, na fedha hizo ndizo zinazotengeneza kirusi kijacho. Kama kompyuta yako ingali nzima, leo hii nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Ikibaki imechomekwa, itafungwa pamoja na kompyuta.